UZI: Jeshi linajuaje puto lililoko angani ni la kijasusi na sio la watu wa hali ya hewa? Na kwa nini hawalitungui fasta?

fundi_antena (mleta uzi):

Wakuu habari za mda huu.

Kwenye ule uzi wa droni kuna mdau alisema Marekani ilidhalilika 2023 kwa sababu puto la Mchina lilizurura kwao wiki nzima wakiwa wanalitizama tu, akamalizia na "hao ndo mnaowaita super power". Nikasema nitamjibu kwa uzi wake kabisa maana pale ningeharibu mada ya watu. Kaa mkao wa kula, ni ndefu.

Tukio lenyewe kwanza kwa waliosahau. Tarehe 28 Januari 2023 puto linaingia anga ya Marekani kupitia visiwa vya Aleutian kule Alaska. Tarehe 30 liko Kanada. Tarehe 31 linarudi Marekani kupitia kaskazini ya Idaho na tarehe 1 Februari liko juu ya Montana, na Montana ndo kuna kambi ya Malmstrom yenye mashimo ya makombora ya nyuklia ya Minuteman III. Sasa watu wa mji wa Billings wakaliona kwa macho yao, wakapiga picha, uwanja wa ndege wa pale ukasimamisha safari kwa mda, ndege za kivita F-22 zikapaa. Kesho yake Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ikabidi iseme hadharani. Tarehe 3 Blinken, waziri wao wa mambo ya nje wa wakati ule, akaahirisha safari yake ya Beijing, na tarehe 4 likatunguliwa baharini karibu na Myrtle Beach, South Carolina.

Halikuwa puto la sherehe lile. Urefu kama futi 200, yaani mita 60 hivi, na mzigo ulioning'inia chini ukubwa wa ndege ndogo ya abiria, uzito zaidi ya pauni 2,000, piga hesabu karibu tani moja. Lilikuwa linaelea futi 60,000 hadi 65,000. Ndege ya abiria inapita futi 35,000 au 40,000, kwaiyo hapo lipo juu ya ndege zote za abiria na fayita (ndege za kivita) nyingi hazifiki.

Sasa swali la msingi. Kitu kikubwa hivyo rada inakikosaje?

Ndo hapa watu wengi wanadanganyika wakidhani rada ni kama jicho, kitu kikiwepo inakiona. Rada inarusha mawimbi yanagonga vitu yanarudi, na angani kuna vitu vingi mno vinavyorudisha mawimbi, mawingu ya mvua, makundi ya ndege hawa wa manyoya, milima, mawimbi ya bahari, hata wadudu. Mwendeshaji akioneshwa vyote hivyo skrini inakuwa uji. Kwaiyo mtambo unawekewa chujio, na chujio kubwa kabisa ni la kasi, kitu kinachotembea polepole sana kinatupwa kabla hata binadamu hajakiona. Rada za kaskazini ya Amerika zilijengwa kutafuta ndege za Kirusi za kudondosha mabomu na makombora, vitu vinavyokuja na speed ya kufa mtu. Puto linakwenda na upepo tu. Ni sawa na mvuvi mwenye nyavu ya macho makubwa, papa hapiti ila dagaa wanapita wanacheka, na akisema atumie nyavu ya dagaa basi atavuta na majani na chupa na kandambili zote za ufukweni.

Alafu ongeza hii, ngozi ya puto ni plastiki nyembamba, mawimbi ya rada yanapita kama hayajaona kitu. Kinachorudisha ni ule mzigo wa chini wenye chuma na sola. Kwaiyo jitu la mita 60 kwenye rada linaweza kuonekana kadogo tu.

Na sio nadharia, Jenerali Glen VanHerck aliyekuwa mkuu wa NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada ya kulinda anga, alisimama mbele ya waandishi akasema kabisa walikuwa na pengo la kuona. Maputo mengine yalishapita kabla, angalau matatu enzi za Trump na moja mwanzoni mwa Biden, na NORAD hawakuyaona yakipita, walikuja kuambiwa baadaye na watu wa ujasusi waliokusanya vipande vya habari. Hebu fikiria we ndo mlinzi wa geti unaambiwa na wapelelezi kwamba mwaka jana kuna mtu alipita getini kwako.

Naendelea na hatua za utambuzi, ngoja nijaze maji.

Nyuki Dume:

Nimeweka kigoda hapa. Tiririka mkuu

Kifaru Mpole:

Mimi ndo nilisema kule na narudia hapa. Walidhalilika. Unatetea.

fundi_antena:

Kifaru karibu sana, wewe ndo mgeni rasmi.

Haya. Rada ikishadaka kitu kisichojulikana, cha kwanza ni kuuliza, hicho kitu kinajitaja? Ndege halali ina transponda inayotangaza mimi ni nani, niko kimo gani. Kisichojitaja wanakilinganisha na ratiba za safari zilizosajiliwa. Kikikosekana wanapigia watu wa anga za kiraia, watu wa hali ya hewa, vyuo vikuu, NASA, kuna mtu amepoteza kitu? Sababu maputo halali ni mengi kuliko watu wanavyodhani, duniani kuna vituo karibu 900 vya hali ya hewa vinavyorusha puto, vingi mara mbili kwa siku kwa saa moja ya pamoja, kwa sisi huku inaangukia saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Ila hayo ni madogo, yanapanda kilomita 30 na ushee yanapasuka, mchezo umeisha ndani ya saa mbili hivi. Ukiona kitu kimeelea siku ya tatu kwenye kimo kilekile ujue hicho sio cha kwao.

Kingine ni upepo. Kila kimo angani kina upepo wake na rekodi zipo, kwaiyo unachukua sehemu lilipo leo unarudisha mkanda nyuma siku kwa siku mpaka unafika lilikoanzia. Wataalamu wa kiraia walifanya hii kwa kompyuta zao majumbani baada ya picha za Billings kusambaa na mstari ukaenda China bila ubishi. Na hapo hapo unaangalia kama njia yake inafuata upepo tu au kuna sehemu lilijivuta. Puto halina injini ya maana lakini likiweza kupanda na kushuka kidogo linachagua upepo wa kwenda nao, na likikaakaa juu ya mashimo ya nyuklia unaanza kujiuliza maswali.

Mwisho ni macho. Lazima mtu aende. Na hapa rubani ana kazi maana fayita haiwezi kusimama, ikipunguza speed sana inaanguka, na puto kwa rubani ni kama limeganda hewani. Anapita shwaa, sekunde kadhaa, anageuka anarudi. Ndo maana walitumia U-2, ndege ya kijasusi iliyoanza kuruka 1955 na 2023 ilikuwa bado iko kazini, inapanda juu ya futi 70,000, rubani akalipiga picha puto kwa juu, ile picha maarufu kivuli cha ndege yake kimelala juu ya puto. Wakaona antena nyingi za kunasa mawasiliano na sola kubwa za kuendesha mitambo. Watu wa hali ya hewa hawahitaji antena za kusikiliza simu za watu.

MamaKe Juma:

Samahani labda swali la kijinga. Mchina ana satelaiti kibao, puto la nini tena?

fundi_antena:

Sio la kijinga hata kidogo. Satelaiti ya picha iko mamia ya kilomita juu na inapita kwa ratiba, mwenye siri anajua saa ngapi inapita anafunika vitu vyake. Puto liko kama kilomita 18 au 20, mawimbi dhaifu ya redio ambayo satelaiti haiyapati lenyewe linaweza kuyadaka, na linaweza kukaa eneo moja mda mrefu. Afu bei, hakuna kulinganisha.

Kifaru Mpole:

Sawa kumbe walishajua ni la kijasusi tarehe 1 kabisa. Si ndo ushahidi wangu huo? Umejua jizi limeingia ndani unalisindikiza mpaka mlango wa nyuma ndo unalipiga????

fundi_antena:

Hahaha Kifaru.

Sikiliza. Kule Alaska kigezo cha NORAD kilikuwa je hiki kitu kimefanya uadui au kimeonesha nia ya kushambulia? Kuelea sio shambulio. VanHerck alisema wazi kwa tathmini yao halikuwa tishio la kijeshi, kwaiyo yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kulipiga kwa mamlaka yake. Ikabidi iende juu, na Biden alisema Jumatano tarehe 1 alitoa ruhusa lipigwe haraka iwezekanavyo. Wanajeshi ndo wakamwambia subiri. Sababu? Tani moja ya vyuma kutoka kilomita 18, vipande vinatawanyika maili na maili, na hawajui kama kuna baruti ya kujilipua ndani au kemikali za betri. NASA walisaidia kupiga hesabu ya mabaki yatasambaa kiasi gani. Baharini hakuna anayekufa.

Na la pili ambalo watu hawalizungumzii, likiwa linaelea na wewe unalisikiliza. Linatuma nini, kwa masafa gani, linaongea na satelaiti ipi. Huku chini sehemu nyeti wameshaambiwa zimeni hiki, funikeni kile. Juni 2023 Pentagon wakasema tathmini yao ni kwamba halikukusanya taarifa wakati linapita juu ya nchi, na hatua walizochukua zilichangia. Unaweza usiwaamini, sawa, ni wao wanajisemea. Lakini hesabu ya "tumwache tumchunguze mchunguzi" ni hesabu halali.

La tatu, ukilipigia baharini unaliokota. Pale lilipoangukia maji yalikuwa futi 47 tu, mita 14 hivi, wapiga mbizi wanafika. Wakapeleka meli USS Carter Hall wakavuta mabaki yakaenda maabara ya FBI kule Virginia.

Kilinge cha Tandale:

Hapo kwenye kulipiga sasa. Kwa nini kombora? Si wangelimiminia risasi tu lipasuke puuu. Kombora la mamilioni kwa puto

fundi_antena:

Hapa ndo napapenda.

Puto la mtoto linapasuka kwa sababu mpira umevutwa na hewa ya ndani inasukuma kwa nguvu. Haya makubwa ya kimo cha juu mgandamizo wa ndani na nje unakaribia kulingana, risasi ikipita inaacha tundu dogo, gesi inavuja taratibuuu, masaa, hata siku. Na gesi yake ni heliamu haishiki moto.

Ushahidi upo. Agosti 1998 puto la utafiti la Kanada, la kupima ozoni, lilikataa kushuka likaanza kuelekea bahari ya Atlantiki ambako ndege za abiria zinapishana kama daladala za Mbagala. Kanada wakapeleka fayita za CF-18 wakalimiminia risasi zaidi ya 1,000. Zaidi ya elfu! Puto likaendelea na safari zake. Likavuka bahari likapita upande wa Iceland mpaka likaja kuanguka lenyewe Finland. Na hilo ni puto ambalo mwenyewe anajulikana, kimo kinajulikana, kila kitu kinajulikana.

Wale wa vita ya kwanza ya dunia walikuwa wanayachoma kwa risasi za moto kwa sababu ya wakati ule yalijazwa haidrojeni. Kuna rubani Mmarekani, Frank Luke, alitungua maputo 14 ya Wajerumani kabla hajauawa Septemba 1918. Na ile 2023 fayita zilizokwenda kulipiga la Mchina zilipewa majina ya redioni FRANK 01 na FRANK 02, kwa heshima yake. Wazungu nao wana mambo yao.

Kwaiyo la Mchina walilipiga kwa kombora moja la AIM-9X Sidewinder, bei zaidi ya dola laki nne. Rubani yupo futi 58,000 anapiga kwa kupanda juu. Na utani mkubwa ni kwamba F-22, mdude unaosifiwa dunia nzima, ushindi wake wa kwanza kabisa wa kutungua kitu angani ndo huo. Puto.

Nyuki Dume:

🤣🤣🤣 mabilioni yote yale

Kilinge cha Tandale:

Daladala za Mbagala umenimaliza

mwiks_254:

Wasee salamu kutoka Nakuru. Naona hamjataja Loon na hapa kwetu ndo tulikuwa na maputo kuliko hao wote. Julai 2020 hii kampuni ya Loon, ya wenye Google, ilianza kupeana intaneti kupitia Telkom Kenya, maputo kama 35 hivi yakizunguka juu ya Kenya ya kati na magharibi, eneo karibu kilomita za mraba 50,000, kimo kilomita 20. Sawa tu na hilo la Mchina. Yalikuwa yanarushwa Nevada na Puerto Rico alafu yanakuja mpaka huku na upepo, kompyuta inachagua upepo gani wa kupanda. Sasa hiyo ni nusu ya dunia, manze. Na hakuna jeshi lilishtuka juu serikali ilipeana ruhusa na kila puto lilikuwa na transponda, ungefungua Flightradar24, ile app ya kufuatilia ndege, ungeyaona yameandikwa HBAL na namba, mimi nilikuwa nayafuata usiku kabla ya kulala. Ilifungwa mapema 2021, hesabu ya biashara ilikataa.

Point yangu ni moja, mtu mwema anajitangaza. Mchina angeweka transponda na kupiga simu Anchorage kule Alaska hiyo kesi haingekuwa.

fundi_antena:

Mwiks umefunga kazi. Na sheria iko upande wako. Mkataba wa Chicago wa 1944 kifungu cha kwanza, nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, za maputo yasiyo na mtu zinasema huwezi kulipitisha juu ya nchi nyingine bila kibali, isipokuwa maputo madogo ya hali ya hewa. Dogo maana yake mzigo chini ya kilo 4. Kilo nne wakuu! Kuanzia kilo 6 linahesabika zito. Beijing walisema ni chombo cha kiraia cha utafiti wa hali ya hewa, upepo umekipotezea njia na kinajiendesha kidogo tu, wakasikitika. Hata tukiwaamini mia kwa mia, tani moja haina msamaha wa kilo nne, walipaswa kupiga simu mapema. Na siku zilezile kuna lingine lilionekana juu ya Costa Rica na Colombia, wakakubali nalo ni la kwao, nalo ety limepotea.

Kifaru Mpole:

Kwaiyo kila kisichojitangaza ni adui? Mbona baada ya hapo walianza kupiga mpaka vivuli? Hapo utatetea nini, tena umeruka makusudi.

fundi_antena:

Sijaruka, nilikuwa naisubiri hiyo.

Baada ya aibu ya puto kubwa NORAD walilegeza chujio la kasi kwenye rada zao. Nyavu ya dagaa sasa. Na ghafla mbingu ikajaa. Tarehe 10 Februari F-22 inatungua kitu karibu na Deadhorse, Alaska, futi 40,000. Tarehe 11 F-22 tena, Yukon Kanada, kwa agizo la Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wa wakati ule, na Biden. Siku hiyohiyo Montana rada inaona kitu, anga inafungwa, fayita zinakwenda hazikuti kitu. Kesho yake tarehe 12 F-16 inapiga kitu juu ya ziwa Huron, futi 20,000, na kombora la kwanza LILIKOSA likaanguka ziwani. La pili ndo likapata. Siku tatu vitu vitatu, makombora manne.

Afu tarehe 16 Biden anatoka anasema vile vitatu yaelekea ni vya makampuni binafsi au watu wa kujifurahisha au watafiti. Kesho yake msako wa mabaki ukasitishwa, mpaka siku hiyo walikuwa hawajapata kitu.

Na kuna kikundi cha watu wa redio kule Illinois, jina lao Northern Illinois Bottlecap Balloon Brigade, wanarusha viputo vidogo vyenye redio ya gramu chache vinazunguka dunia kwa kujifurahisha. Cha kwao kilitoa ripoti ya mwisho karibu na pwani ya Alaska tarehe 10, kimo futi 38,000 na kitu, na hesabu za upepo zikawa zinakiweka Yukon tarehe 11. Tangu hapo kimya. Wenyewe hawakudai kwamba ndo kile kilichotunguliwa, mabaki hayakupatikana, kwaiyo hakuna wa kuapa. Ila maputo ya aina ile yanauzwa dola 12 mpaka 180. Kombora dola laki nne.

Kwaiyo hapo Kifaru nakupa pointi zote. Wiki ya kwanza walisubiri wakatukanwa, wiki ya pili hawakusubiri na ndo wakaharibu. Kwangu mimi aibu ni hiyo ya pili, ile ya kwanza walifanya kazi yao.

Kifaru Mpole:

Pointi nimepokea. Ila bado la kwanza lilionwa na raia kabla Pentagon haijasema. Hilo hulifuti

fundi_antena:

Silifuti. Na inawezekana kabisa wasingesema bila zile picha.

Zamani waliweza kunyamaza. 1944 na 1945 Japani ilirusha maputo zaidi ya 9,000 yenye mabomu yavuke Pasifiki yakachome misitu ya Amerika. Kama 300 tu ndo yalionekana kufika. Marekani wakaomba magazeti yote yakae kimya ili Mjapani asijue kama yanafika, na magazeti yakakaa kimya kweli. Ubaya wa kimya ni kwamba tarehe 5 Mei 1945 kule Bly, Oregon, mama mmoja na watoto watano wa kanisani walikuta kitu porini hawajui ni nini. Wakafa wote sita.

Lakini utambuzi wa kipindi kile ndo ulinikosha. Maputo yale yalikuwa na viroba vya mchanga vya kupunguza uzito, yakishuka yanadondosha kimoja yanapanda. Wakauchukua ule mchanga wakawapa wanajiolojia, wakauweka kwenye hadubini, wakaangalia madini na vijidudu vya baharini vilivyomo, wakasema mchanga huu hautoki Amerika, unatoka fukwe za Japani, tena wakataja fukwe za kisiwa cha Honshu. Kwa mchanga! Hakuna satelaiti hakuna kompyuta.

MamaKe Juma:

Jamani wale watoto 😔

Nyuki Dume:

Na Mmarekani naye si alimrushia Mrusi? Tusijifanye hapa

fundi_antena:

Alirusha sana tu. Mradi wa Genetrix, mapema 1956, maputo zaidi ya 500 yenye kamera yakapelekwa juu ya Sovieti na China kwa kisingizio cha, nadhani mshabashiri, utafiti wa hali ya hewa 😂. Mrusi akayaokota akayaweka hadharani na kulalamika, mradi ukafungwa Februari hiyohiyo. Ila Mrusi alikuta ndani filamu nzuri inayovumilia mionzi, akaihifadhi, 1959 chombo chake Luna 3 kikapiga picha ya kwanza ya upande wa nyuma wa mwezi kwa filamu za Mmarekani. Kuna kitu kingine cha chinichini, yale maputo yalikuwa na fimbo ya chuma ya sentimita 91 ambayo kwa bahati ililingana na urefu wa wimbi la aina moja ya rada ya Sovieti, ikawa inang'aa kwenye rada zao. Rada zikiyafuatilia, Wamarekani wanasikiliza na kuchora ramani ya rada zilipo. Kwaiyo na wewe ukiliwashia kila mtambo ulionao, unaweza kuwa unamfanyia aliyelituma kazi yake.

Kilinge cha Tandale:

Hii ni ya kikubwa sana. Na wengine je? Ukraine, Korea huko

fundi_antena:

Kwa ufupi maana simu inakata chaji.

Ukraine, Februari 2023 Mrusi alirusha maputo juu ya Kyiv yamening'iniziwa vipande vya chuma vya kurudisha mawimbi ya rada ili yaonekane makubwa, lengo wamalize makombora yao ya ulinzi.

Korea Kusini 2024, Kaskazini wanawatumia maputo ya takataka, vichungi vya sigara, betri mbovu, samadi. Wao hawapigi. Wanayafuata mpaka yatue, wanakuja watu wa mabomu na wa kemikali na suti zao wanakusanya. Ukipiga hewani kama ndani kuna sumu umeisambaza mwenyewe, na risasi ikivuka mpaka umeanzisha vita kwa ajili ya samadi. Julai mwaka ule mengine yakatua mpaka ndani ya eneo la ofisi ya rais.

Taiwan, kabla ya uchaguzi wa Januari 2024, yalipita karibu kila siku. Wao wanatoa ripoti ya saa ngapi, kimo gani, limepita wapi, basi. Japani ilirudi kwenye mafaili yake ikasema ya 2019, 2020 na 2021 yanashukiwa sana kuwa ya Mchina, na wakalegeza kanuni ili waweze kutungua hata kama hakuna aliye hatarini moja kwa moja. Lithuania 2025 ni magendo ya sigara kutoka Belarus, Oktoba yalifungisha uwanja wa ndege wa Vilnius zaidi ya mara moja.

Na Belarus wenyewe ndo mfano mbaya kuliko yote. Tarehe 12 Septemba 1995, mashindano ya maputo ya Gordon Bennett yaliyoanzia Uswisi, puto lenye watu wawili ndani likaingia anga yao. Waandaaji walishatoa taarifa mapema. Helikopta ya Mi-24 ikalikaribia, ikalitungua. Wale Wamarekani wawili wakafa. Wenzao wa maputo mengine walitua salama wakapigwa faini ya kukosa viza. Puto la mbio, lina rangi, lina kikapu, lina watu.

Kifaru Mpole:

Hii sikuwa naijua. Kweli wewe tumekupata.

mwiks_254:

Swali la mwisho kabla ya chaji. Hapa kwetu watu wa hali ya hewa wanarusha yao pale Dagoretti Corner. Yakipasuka ile boksi inaangukia kwa shamba ya mtu. Shosh (bibi) yangu akiokota afanye nini, apige jeshi?

fundi_antena:

Hapana bana. Cha hali ya hewa ni kaboksi kepesi, plastiki au povu jeupe, kana uzi mrefu na kipande cha mpira uliochanika, pembeni kana kalebo ka kiwanda na kakihisio kamechomoza kama kiunyoya. Hakalipuki. Ila kama ni kizito, kina nyaya nyingi, kinatoa harufu au hakina maandishi yoyote, shosh asiguse, aite chifu au polisi na watoto wakae mbali.

mwiks_254:

Poa. Ashapata moja kitambo, ameitumia kufungia kuku mlango.

Nyuki Dume:

Chaji yake ipo? 😂